Dizeli Kavu Haitibiwi kwa Chupa ya Mafuta ya Kupikia

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya pampu ya dizeli inayolia ni kumimina chupa ya mafuta ya alizeti ndani ya tangi. Dereva wa Kitendaguro, ambaye dizeli yake imesafiri zaidi ya kilometa 1,000 kutoka bandarini, hawezi kulaumiwa kwa imani hiyo. Wa kulaumiwa ni wale waliomwachia peke yake kazi ya kuilinda mashine yake.

Hoja ya dereva huyo ina msingi. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Uamuzi huo ni wa busara, maana moshi wa salfa ni adui wa mapafu. Lakini njia inayoondoa salfa kiwandani huondoa pia chembechembe zinazoipa dizeli utelezi, na pampu nyingi hulainishwa na dizeli yenyewe tu. Ndiyo maana utelezi hurudishwa kabla ya mafuta kuuzwa. Mafuta ya mimea yaliyogeuzwa kwa methanoli na kostiki soda, asilimia 1 au 2 tu, huifanya kazi hiyo barabara. Yale mabichi ya jikoni ni mazito. Huacha utando na kuziba nozeli.

Basi utelezi uliorudishwa hupotelea wapi njiani? Njia moja inajulikana sana, nayo ni uchakachuaji. Mafuta ya taa ni makavu, na walanguzi waliyachanganya na dizeli kwa tamaa ya tofauti ya kodi. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuiziba njia hiyo. Mlanguzi alifungiwa mlango, lakini mama mwenye kibatari kijijini ndiye aliyelipia kufuli!

Wengine walikuja na mbono kaburi. Huko Kisarawe zaidi ya hekta 8,000 za vijiji zilikwenda kwa kampuni ya kigeni. Ilipofika 2011 shughuli zilikuwa zimesimama na vibarua wamerudishwa nyumbani. Haya yote ya nini? Asilimia 2 haidai kunyang'anya kibanja cha mtu. Hata mafuta yaliyochakaa kwa kukaangia samaki na chipsi hugeuzwa yakafaa.

Kipimo cha utelezi kipo: kigololi cha chuma husuguliwa ndani ya dizeli, na kovu lake, kwa kiwango cha Ulaya, lisizidi maikroni 460. Kipimo hicho kifanyiwe dizeli inayoshushwa Bukoba, na majibu yabandikwe kwenye ukuta wa kituo, kwa Kiswahili, dereva ayasome kabla hajafungua kifuniko cha tangi.