Maikrofoni Ipi kwa Kwaya Zetu?



Wiki hii twaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo. Kwaya za vigango vyetu, Karagwe na Kyerwa, hujinyima msimu mzima, kahawa ikiuzwa na maharage yakivunwa, ili zirekodi nyimbo zao. Siku hizi vijana wetu wanaanzisha studio nyumbani: chumba kimoja, kompyuta na maikrofoni. Twawaunga mkono. Ila fedha ya wajane na wakulima haifai kununulia mng'aro.

Ziko aina mbili kubwa. Maikrofoni ya kondensa hunasa hata pumzi ya mwimbaji, nayo huhitaji umeme wake, kwa kawaida volti 48, kutoka katika kifaa inamochomekwa. Ile ya dainamiki, mfano Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966, haihitaji umeme huo, huvumilia kuanguka, na kwa kuwa huimbiwa kwa karibu, kelele za mbali huisumbua kidogo. Wauzaji huisifu zaidi ile ya kwanza. Sisi twauliza: itanasa nini? Nyumba ya bati pale Kayanga au Nkwenda wakati wa masika, pikipiki barabarani, jogoo asiyejua saa: vyote vitaingia. Kwa mwimbaji mmoja mmoja katika chumba cha namna hiyo, tungeanza na dainamiki.

Enanga ya Wanyambo na Wahaya ni habari nyingine. Sauti yake ni ya chini. Hapo kondensa ina haki yake, usiku, mvua ikiwa imekatika. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki Tanganyika mwaka 1950, alizoea kushika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe na kuisogeza kwa wapigaji na waimbaji. Alijua kwamba mahali inapowekwa chombo ni nusu ya kazi.

Basi ijaribiwe kabla ya kulipwa, tena ndani ya chumba itakamofanyia kazi, si dukani. Mwimbaji yule yule, ubeti ule ule, umbali wa shibiri moja kwa kila maikrofoni. Sauti zisawazishwe kabla ya kulinganisha, maana yenye kelele zaidi huonekana bora hata isipokuwa bora. Aimbe maneno yenye P na B, tusikie kama pumzi inapiga. Kisha watu wanyamaze dakika nzima, na ukimya huo urekodiwe. Mvumo wa nyaya hujificha humo. Blanketi nzito ukutani, kwa maoni yetu, zitasaidia kuliko kuongeza laki moja juu ya bei.

Mama wa sauti ya pili awepo, na mweka hazina pia. Wasikilize bila kuambiwa ipi ni ya bei gani. Muuzaji akikataa kujaribiwa kwa bidhaa yake, liko duka jingine.