Simu ya bi harusi: andika GB na mwaka, si jina tu



Mimi ni fundi cherehani, nashona shela na abaya za maharusi, na orodha nyingi za sanduku hupita mbele ya macho yangu kwa sababu wateja huja nazo pale pale kwenye meza ya kukatia. Siku hizi karibu kila orodha ina simu. Kitambaa kimeandikwa aina yake, rangi yake na yadi zake, kanga zimehesabiwa kwa doti, dhahabu imetajwa kwa gramu. Ukifika kwenye simu unakuta neno moja tu: "iPhone". Au "Samsung ile kubwa". Kitu chenye bei kuliko nguo zote za sanduku ndicho kilichoandikwa kwa uvivu.

Sisemi simu isiwemo. Mahari ni haki yako, na ukitaka simu itake. Ila itake kwa vipimo kama ulivyoutaka mkufu kwa vipimo. Na kipimo cha kwanza, kwa maoni yangu, si kamera. Ni miaka mingapi simu hiyo imebakiwa nayo ya masasisho, yaani zile apdeti. Cha pili ni hifadhi. Cha tatu ndiyo hiyo RAM ambayo vijana wa madukani wanaitaja kwanza.

Tuanze na kinachowachanganya wengi. Hifadhi na RAM zote mbili hupimwa kwa GB, na muuzaji akisema "hii ina GB kumi na mbili, mia mbili hamsini na sita", mtu hutikisa kichwa tu. Hifadhi ni kabati unaloweka vitambaa: picha, video, sauti, programu, vyote vinakaa humo hata simu ikizimwa. RAM ni meza ya kukatia. Meza kubwa inakuwezesha kutandaza kazi tatu kwa pamoja. Meza ndogo, ukitandaza ya tatu ya kwanza inaanguka. Ndiyo maana unatoka WhatsApp kwenda kuhariri video, ukirudi WhatsApp inajifungua upya. Na ukiona simu ya bei ya chini imeandikwa RAM 16 halafu pembeni kwa maandishi madogo 8+8, jua nane ni meza na nane nyingine ni sehemu ya kabati iliyogeuzwa meza. Haifanyi kazi kwa wepesi ule ule, na kabati limepungua.

Sasa hao wapinzani wawili wanaogombanisha familia: Galaxy S25 Ultra ya Samsung na iPhone 17 Pro Max, zote za mwaka 2025. Kwa vipimo hivi viwili wamelingana mno kiasi cha kuchosha. RAM 12 kwa 12, hifadhi inaanzia GB 256 kwa 256. iPhone inafika mpaka TB 2, Samsung inaishia TB 1, lakini sijui bi harusi gani anahitaji TB 2 labda awe anapiga sinema. Hivyo ukisikia mtu anakwambia hii ina memori kubwa kuliko ile, anakuuzia maneno. Tofauti ipo kwenye bei ya kuongeza. Kwa bei za Marekani simu hizi zilipotoka, kutoka 256 kwenda 512 Samsung ilitaka dola 120 zaidi, Apple ikataka 200. Kwa yule anayejua atahitaji 512, hizo 80 ni pesa ya kitambaa.

Wadogo zao ndio wana hadithi nzuri zaidi. Galaxy S25 ya kawaida na iPhone 17 ya kawaida zote zilitoka kwa dola 799 Marekani. Kwa bei hiyo hiyo Samsung inakupa RAM 12 na hifadhi 128, iPhone inakupa RAM 8 na hifadhi 256. Mmoja kakupa meza kubwa, mwingine kabati kubwa. Mimi hapo nachukua kabati bila kufikiri mara mbili. Meza ya nane inamtosha mtu anayepiga picha, anaandika ujumbe na anaendesha biashara yake ya mtandaoni. Kabati lakini haliongezeki. iPhone haijawahi kuwa na tundu la kadi ya memori, na Samsung waliliondoa kwenye S zao kuanzia S21 mwaka 2021; S20 ndizo za mwisho kuwa nalo. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho.

Na 128 inaisha, jamani. Inaisha kwa haraka. Kwanza sehemu yake inaliwa na mfumo wenyewe kabla hujapiga hata picha moja. Halafu ingia kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone utaona Apple wenyewe wameandika: dakika moja ya video ya 4K kwa picha 60 kwa sekunde inachukua takriban MB 400. Saa moja ni GB 24. Usiku wa hina au wa kupamba, wanawake watupu, ngoma inapigwa, shangazi hakubali mtu aache kurekodi. Saa tatu zinakula GB 72. Ukishusha mpaka 1080p kwa picha 30, dakika inachukua MB 60 na saa tatu hazifiki GB 11. Kwa kuangalia kwenye simu tofauti huioni. Nimewaambia maharusi wengi hili na bado wanarekodi 4K, basi shauri lao.

Lakini sijaandika haya yote kwa sababu ya video kujaa. Naandika kwa sababu ya kinachofuata simu ikijaa.

Mteja wangu mmoja aliletewa simu iliyotumika, imeandikwa kwenye orodha "iPhone Max". Na kweli ilikuwa Max: XS Max ya mwaka 2018, GB 64. Usiku wa hina ikajaa kabla ngoma haijachanganya. Asubuhi yake dada mtu akaipeleka kwa kijana wa kuhamisha picha kwenye flash, aipunguze mzigo ili harusi yenyewe irekodiwe. Fikiria kilichokuwemo. Wanawake wa koo mbili, vichwa wazi, mikono wazi, mwari katikati na nguo za ndani ya nyumba, wote wameingia kwenye ukumbi ule kwa kuaminiana kwamba hakuna jicho la kiume. Kijana yule huenda ni mtu wa dini na hakutazama chochote. Lakini picha zilipita kwenye kompyuta yake, na hakuna aliyewaomba ruhusa wenye sura zao. Kwa mwanamke wa Kiislamu GB si suala la anasa, ni suala la stara. Kabati likitosha, picha haina sababu ya kutoka ndani ya nyumba.

Watu hunijibu, si kuna mtandaoni, picha zinajihifadhi huko? Zipo, ila bure ni GB 5 tu kwa Apple na GB 15 kwa Google, na hizo 15 unagawana na barua pepe zako. Usiku mmoja wa 4K unazimaliza zote.

Tuje kwenye miaka, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea kimya kimya.

Masasisho ni ya aina mbili. Yako yanayobadilisha sura na kuongeza mambo mapya. Hayo ukiyakosa hufi. Na yako ya usalama. Kwetu mafundi neno lake zuri ni kiraka, na ndivyo hata wao wanavyoita. Simu ni kama nguo inayotoboka bila kuonekana: kila baada ya muda watu hugundua tundu jipya ambalo mwizi anaweza kupenyeza mkono, na kampuni hushona kiraka. Siku kampuni ikiacha kushona, matundu yanaendelea kugunduliwa ila hakuna wa kuyaziba. Simu itawaka, itapiga picha nzuri vile vile, itang'aa kwenye sanduku. Na ndani yake mna picha zako, na siku hizi pesa zako za simu pia.

Samsung walitoa ahadi ya miaka 7 kuanzia S24, Januari 2024. Kwa hiyo S24 inakwenda mpaka 2031, S25 mpaka 2032. Lakini S23 na S22 ahadi yao ya usalama ni miaka 5: S22 inaishia 2027, S23 inaishia 2028. Na mwaka unahesabiwa tangu simu ilipotoka, si siku uliyofunguliwa sanduku! Ukiwekewa mezani S23 Ultra iliyotumika na S24 ya kawaida, macho yataenda kwa Ultra, ni kubwa, ina kalamu, ina jina. S24 ina miaka mitatu zaidi. Mimi nachukua S24, na hiyo Ultra waachiwe wapenda kalamu.

Apple hawana desturi ya kutangaza namba kama hiyo siku ya kuuza. Mwaka 2024 sheria ya Uingereza iliwataka watengenezaji watamke kiwango cha chini, wakaandika miaka 5. Vitendo vyao vimezidi maneno yao: XS na XR za 2018 zilipata iOS 18 mwaka 2024, zikaachwa na iOS 26 mwaka 2025. Hiyo ni miaka sita ya mifumo mipya. iPhone 11 ya 2019 bado imo, ila iko ukingoni, na 11 Pro Max ilianzia GB 64 na RAM 4. Kwa hiyo neno "Pro Max" peke yake linaweza kuwa simu ya juzi au simu inayochungulia kaburi.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya Ultra na Pro Max mpya, nachukua Samsung, kwa sababu ahadi iliyoandikwa nina haki ya kuidai, na mazoea mazuri hayadaiwi. Google nao wanaahidi miaka 7 tangu Pixel 8 ya 2023, ila hapa kwetu fundi wa kuzitengeneza si rahisi kumpata, basi nimewapita.

RAM nayo isidharauliwe kabisa, maana wakati mwingine ndiyo inayoamua masasisho yakupe nini. Apple walipoleta mambo yao ya akili mnemba mwaka 2024, iPhone 15 Pro yenye RAM 8 iliyapata, iPhone 15 ya kawaida yenye RAM 6 haikuyapata, na zote zilitoka siku moja. Mimi hayo mambo siyahitaji kukata shela, lakini aliyelipia simu ya mwaka mmoja tu na kuambiwa meza yako ndogo, lazima aumie.

Na ngoja niseme la pembeni ambalo mama wakwe watalipenda. Galaxy A16, simu ya bei ya chini iliyotoka mwishoni mwa 2024, imeahidiwa miaka 6 na ina tundu la kadi. Itaendelea kupata viraka baada ya S23 Ultra kuachwa. Kamera yake si ya kujisifia, na mtandaoni hakuna atakayekuuliza umeipata wapi. Lakini kijana anayeanza maisha akikopa ili anunue jina, deni hilo ndilo mnaingia nalo ndani nyote wawili, na israfu ya siku moja mtailipa kwa mwaka mzima.

Ukiwa dukani, kabla pesa haijatoka, fungua Mipangilio, nenda Kuhusu Simu, tazama jina kamili la modeli na tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Kama tarehe ni ya mwaka juzi, jaribu kuisasisha hapo hapo; ikikataa, rudisha. Tazama pia hifadhi imebaki kiasi gani, si iliyoandikwa kwenye boksi. Na kijana wa dukani akikwambia "ngoja nikufungulie akaunti, dada", mwambie ahsante, utafungua mwenyewe nyumbani kwa namba yako na neno la siri lako. Akaunti aliyoifungua yeye ndiyo picha zako zitakapokuwa zinajihifadhi, na neno la siri analijua.