Kipima mwendo na mtoto anayechuchumaa

WATAFITI wa afya ya watoto siku hizi hawaridhiki na kumwuliza mzazi mwanawe alicheza kwa muda gani. Humfunga mtoto mkanda wenye kifaa kidogo kiunoni, akaishi nacho siku kadhaa, kisha kompyuta ikasoma mitikisiko yake. Utafiti wa SUNRISE, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, unawapima hivyo watoto wa miaka 3 na 4 katika nchi tajiri na maskini.

Kigezo ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Aprili 2019: mtoto wa umri huo ajishughulishe angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo kwa nguvu, na asizuiliwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo. Lengo ni kudhibiti tabia bwete mapema, na ni lengo jema.

Lakini je, kifaa kinajua kukaa ni nini? Tuchukue Ndungu, wilayani Same, chini ya milima ya Upare, penye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji yaliyojengwa kwa msaada wa Japani. Mama akiwa majarubani, mtoto huchuchumaa kwenye tuta akifinyanga tope. Kiuno chake kimetulia, hivyo huandikwa sawa na mwenzake wa mjini aliyejinyoosha mbele ya televisheni. Jioni akibebwa mgongoni kwa kanga, kifaa hicho hicho hupokea mwendo wa mama na kumpa mtoto sifa asiyoistahili. Kifaa cha pajani husoma pembe ya paja, nacho humhesabu anayechuchumaa kuwa amekaa.

Ushahidi wa jambo hili upo hapa hapa nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwavalisha Wahadzabe watu wazima, kando ya Ziwa Eyasi, vifaa vya pajani. Walionekana kupumzika karibu saa 10 kwa siku, kama watu wa nchi zilizoendelea. Tofauti ni kwamba wao huchuchumaa sana, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi.

Isitoshe, kifaa hutoa namba tu. Mtafiti ndiye huamua namba ipi iitwe kukaa. Viwango vingi vinavyotumika vilitokana na watoto wa Ulaya na Marekani. Ukibadili kiwango, mtoto yule yule huongezewa au hupunguziwa saa za kukaa, na serikali hupokea takwimu nyingine.

Hata hivyo, si busara kukitupa kifaa. Tangu ada zifutwe Januari 2016, madarasa mengi ya awali yamefurika, na mtoto aliyezoea kukimbia mashambani hubanwa sakafuni. Kifaa huandika saa na dakika, hivyo kingeonyesha bwete inaanzia nyumbani au darasani, jambo ambalo mzazi hawezi kulieleza. Sharti ni kwamba kabla ya mikanda kufungwa, mtu akae siku kadhaa na watoto hao, majarubani na darasani, akiandika kwa macho yake nani anachuchumaa, nani amebebwa.