CHOO CHAKO CHA VIGAE HAKIMLINDI MWANAO

Sehemu ya 1
Nitaandika vipande vipande ili hata mwenye bando dogo asome. Mada ni alama za usafi: kitongoji gani cha kwanza, kipi cha mwisho, nani kapewa cheti, nani kapigwa faini. Nina ugomvi nazo. Sisemi zifutwe, nasema zinahesabiwa vibaya, na wanaolipia hesabu hiyo ni watoto wa chini ya miaka mitano ninaowapima uzito kila wiki. Msome mpaka mwisho ndipo mnitukane.

Sehemu ya 2
Naanzia kwenye simu ya kijana wako. Ile michezo ya kujenga mji na kununua viwanja vya hewani, anayoichezea bando ulilomnunulia wewe, ina akili kuliko mikutano yetu. Baba yao ni mchezo wa kompyuta uitwao SimCity, ulitoka 1989. Mle ndani ukijenga nyumba nzuri karibu na uchafu, thamani ya kiwanja inashuka hata kama nyumba yako inang'aa. Mchezo hauangalii ukuta wako peke yake, unaangalia na kinachokuzunguka. Mtoto wa darasa la sita anaelewa hilo ndani ya nusu saa. Sisi watu wazima tunapandisha ukuta wa tofali na kuweka geti, tukidhani tumehama mtaa.

Kuna cha zamani zaidi. Mnaijua Monopoly, ule mchezo wa ubao wa kununua mitaa na kutoza kodi. Ulitokana na mchezo wa mwanamke wa Kimarekani, Elizabeth Magie, aliyepewa hataza yake mwaka 1904. Huyu dada aliuwekea kanuni mbili. Kwa kanuni moja, utajiri ukiongezeka kila mchezaji anafaidika. Kwa nyingine, mmoja anashinda kwa kuwafilisi wenzake. Ubao mmoja, watu walewale, ila kinachohesabiwa kikibadilika, majirani nao wanabadilika tabia. Dunia ikachukua ile kanuni ya kufilisi, ndiyo inauzwa madukani hadi leo.

Sehemu ya 3
Sasa tujiulize, vitongoji vyetu vinacheza kwa kanuni ipi?

Anakuja mkaguzi na daftari. Nyumba hii ina choo, tiki. Ile haina, faini. Anaondoka. Mwenye tiki anamcheka asiye na tiki, na asiye na tiki anachimba shimo la kumridhisha mkaguzi, analizungushia viroba, basi. Nimeona choo kimefungwa kwa kufuli, buibui wametanda mlangoni, na kwenye daftari kina tiki. Familia nzima inaenda vichakani. Choo cha maonyesho hicho.

Kitongoji kimoja, sikitaji, bibi anayelea wajukuu watatu alitozwa faini kwa kukosa choo. Pesa ya kulipa faini ingetosha kununua sakafu ya choo. Amelipa, choo hana mpaka leo, na majirani zake wote wana tiki. Hivi hapo nani kashinda?

Na wenye vyoo vya vigae msijifiche nyuma ya huyu bibi. Kuna wanaosubiri mvua kubwa ndipo wanatapisha vyoo vyao. Usiku mvua inapiga bati, mtu anafungulia karo, uchafu unashuka kwa majirani walio bondeni na mwisho unaingia ziwani. Kwenye daftari huyo ni wa kwanza, ana alama zote.

Sehemu ya 4
Hapa naongea kama nesi.

Kuhara hakuanzii kwenye choo chako. Nzi katoka kwenye kinyesi kilicho wazi nyumba ya tatu, katua kwenye uji wa mwanao. Kuku kapita huko, kaja kwenye mkeka. Mtoto anayetambaa kashika udongo, kaweka kidole mdomoni. Nzi haulizi hati ya kiwanja.

Majirani zetu Kenya walilipima jambo hili. Walifuatilia zaidi ya wajawazito 8,000 wa Bungoma, Kakamega na Vihiga, na watoto wao walipozaliwa. Boma za baadhi yao zilipewa vyoo bora, nyingine sehemu za kunawa mikono, nyingine dawa ya kutibu maji, nyingine vyote kwa pamoja. Matokeo yalitangazwa 2018: kuhara kwa watoto hakukupungua. Jamani, msikimbie na neno moja mkasema nesi kasema choo hakina maana. Bangladesh, walikofanya utafiti pacha, kuhara kulipungua, ila huko nako urefu wa watoto haukuongezeka kwa sababu ya choo na maji. Moja ya maelezo yanayotajwa sana na wataalamu ni hili: iliboreshwa boma ya mama mmoja mmoja, mazingira yanayoizunguka yakabaki vilevile. Choo kinamlinda mtoto pale karibu kila mtu anapokuwa nacho na anakitumia. Ni kama chanjo ya surua, wachache wakichanjwa ugonjwa unaendelea kuzunguka mtaani.

Kwa hiyo alama inayohesabu nyumba mojamoja inapima kitu ambacho hakimlindi mtoto.

(Na hili mama zangu mnalificha: kinyesi cha mtoto mchanga ni kinyesi. Si "kitu kidogo". Kinaweza kubeba vimelea vilevile vya mtu mzima, nanyi mnakitupa nyuma ya nyumba kwa jembe. Kiingie chooni.)

Sehemu ya 5
Wengine watasema nesi kaleta mambo ya wazungu. Haya, twende nyumbani.

1973 serikali ya Mwalimu Nyerere iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, redio moja katikati, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakatoka na majembe. Hawakutoka mmoja mmoja, kikundi kilitoka pamoja. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu nchi nzima. Muulize bibi yako kama alikuwa mtu mzima wakati ule, atakuambia.

Baadaye, mwaka 2000, katika kijiji kimoja Bangladesh, mtaalamu anayeitwa Kamal Kar alianzisha njia ambayo na sisi tumeichukua: kijiji kinatangazwa kuwa kimeacha kujisaidia ovyo pale kaya zote zinapotumia choo. Ikibaki moja, bado. Mnaona uzuri wake? Ghafla choo cha yule bibi kinakuwa shida ya mwenyekiti, ya mwalimu, ya mwenye duka, yako na yangu.

Halafu 2017 tukapewa "Usichukulie poa, nyumba ni choo". Kaulimbiu nzuri, inaimbika. Ila sikilizeni neno lenyewe: nyumba. Tukaisikia hivyohivyo, kila mtu na nyumba yake.

Sehemu ya 6
Msukuma hahitaji kufundishwa jambo hili. Nendeni Bujora mwezi wa sita kwenye Bulabo, mkaangalie Bagalu na Bagika wakishindana. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, watazamaji wanahama kutoka huku kwenda kule, na kundi lililovuta watu wengi ndilo limeshinda. Hiyo ni alama ya wazi kuliko daftari lolote. Je, umewahi kuona mchezaji mmoja hodari akishinda peke yake huku wenzake wamekaa chini? Mpiga ngoma akilegea, watu wanahama wote, hata yule hodari anabaki anacheza na vumbi.

Na sungusungu je? Miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanavijiji waliamua kwamba ng'ombe wa mtu akiibiwa kijiji kizima kinafuata nyayo. Hakuna aliyesema "si wangu". Najua sungusungu walikuwa na ukatili wao, na sitautetea hapa. Ila lile wazo, kwamba hasara ya mmoja inaamsha wote usiku, mbona tunalo kwa ng'ombe na hatuna kwa watoto?

Sehemu ya 7
Ninachotaka ni hiki, na nitakisema kwenye mkutano wa kitongoji, mwenyekiti akiniruhusu na asiponiruhusu.

Alama zitolewe kwa nyumba kumi kumi. Nyumba tisa zikiwa na choo na moja haina, zote kumi zipate sifuri. Ndiyo, na ya kwangu. Mtanuna wiki moja. Wiki ya pili mwenye mkokoteni atasomba mawe, vijana watachimba, mama wa vikoba watachanga sakafu na kile kifuniko cha plastiki kinachojifunga chenyewe. Huku kwetu udongo wa mbuga unabomoka mvua ikinyesha, kwa hiyo shimo lijengewe mawe kwa ndani, la sivyo mwakani mnaanza upya. Mjane hawezi hiyo kazi peke yake. Watu kumi wanaimaliza siku mbili tatu.

Mkaguzi aje bila kutangaza. Asihesabu kuta, aangalie kama njia ya kwenda chooni imekanyagwa, kama kibuyu chirizi kina maji na sabuni, kama nyuma ya nyumba kuna kinyesi cha mtoto. Atakayekamatwa anatapisha choo, kundi lake lote lishuke mpaka chini. Hapo ndipo majirani watamwangalia usiku wa mvua.

Na zawadi isiwe kikombe cha kupigia picha na viongozi. Iwe kitu cha wote: kioski cha maji, mabomba ya kunawia shuleni, taa ya barabarani.

Najua jibu lenu: "Kwa nini nimchimbie choo mvivu?" Mama, wewe huchimbi kwa ajili yake, mwanao anacheza kwake. Na wengi mnaowaita wavivu nawafahamu, nawahudumia. Ni wajane, ni wagonjwa, ni mabinti wa miaka 18 wenye mapacha ambao baba amekwenda mgodini hajarudi. Mvivu wa kweli yupo, simkatai. Mwachieni majirani zake tisa waliokosa alama kwa sababu yake. Watamweleza vizuri kuliko faini.

Jibu la pili: "Hiyo ni kazi ya serikali." Maji ya bomba ni kazi ya serikali, na tuidai kwa sauti. Lakini kipindupindu kilipoingia mkoani kwetu Simiyu mwanzoni mwa 2024, hakikuuliza bajeti imefikia wapi.

Sehemu ya 8
Mlionitumia ujumbe kuuliza kuhusu mtoto anayeharisha sasa hivi, msisubiri choo cha mtu. ORS pakiti moja ichanganywe na lita moja ya maji safi na salama, apewe kidogo kidogo, inayobaki baada ya saa 24 imwagwe. Zinki apewe kama alivyoandikiwa, siku zote, hata kama kuhara kumekatika. Endelea kumnyonyesha. Macho yakizama, akilegea, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, beba mtoto uje kituoni usiku huohuo.

Mkutano ukiitishwa, njooni na majirani zenu tisa. Mkija peke yenu mtanikuta nimekaa na wa kwangu.