Bega Bandia na Somo la Ifakara

Bega likishaharibika kwa uzee, kwa ajali au kwa ugonjwa wa selimundu unaoua kichwa cha mfupa, utabibu wa leo waweza kuliondoa na kuweka la bandia. Mgonjwa akitoka hospitalini maumivu yamepungua, jamaa hushangilia. Furaha hiyo ni ya haki, lakini siku hiyo siyo siku ya hukumu. Bega bandia hupimwa kwa miaka mitano, hata kumi.

Historia yatufundisha hivyo. Mwaka 1893, mjini Paris, daktari Jules-Émile Péan alimwekea mtu mwenye kifua kikuu cha mifupa bega la platini na mpira. Mkono ulifanya kazi, lakini baada ya miaka miwili hivi kiungo kikatolewa kwa sababu ya maradhi yaliyorudi ndani ya jeraha. Siku hizi hali ni njema zaidi. Katika nchi zinazoweka kumbukumbu, zaidi ya mabega tisa kati ya kila kumi huwa bado hayajabadilishwa miaka kumi baadaye. Yaliyobaki hushindwa kwa kulegea, kuteguka, kuchanika kano au kuingiwa na vijidudu. Mambo hayo hugunduliwa tu pale mgonjwa anapofuatiliwa.

Wapo watakaosema kwamba kufuatilia ni anasa ya mataifa tajiri. Hatukubaliani nao. Malawi ilianzisha daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005. Na hapa nchini, watafiti wa Ifakara walianza mwaka 1996 kuzunguka nyumba kwa nyumba katika wilaya za Kilombero na Ulanga, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki na nani amehama. Bonde lile hufurika masika, na wakulima wa mpunga huhamia mashamba ya mbali msimu wa kilimo. Hata hivyo watu walifuatwa, wakaonekana, wakaandikwa.

Ikiwa hayo yamewezekana bondeni, hapana sababu yashindikane Unguja na Pemba. Mgonjwa wetu anayevuka bahari kwenda Muhimbili, au anayepelekwa India, asisahauliwe mara arudipo bandarini.

Tunazishauri Wizara za Afya za Bara na Zanzibar zifungue daftari moja. Liandikwe jina la mgonjwa, sababu ya upasuaji, aina ya kiungo, tarehe na hospitali. Kisha, baada ya mwaka 1, miaka 5 na miaka 10, mgonjwa atafutwe aulizwe: je, anaweza kuchana nywele? Anainua ndoo? Ameweza kurudi shambani au baharini? Usiku analala bila ya maumivu?

Kazi hii yataka karani mwaminifu kuliko mitambo ya fedha nyingi. Kiungo bandia ni ghali, na mkono wa mfanyakazi ni ghali zaidi. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.