Msafiri, usikatishe dozi ya TB njiani

Tabora ni mji wa njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa kabla ya kuendelea hadi Ujiji. Reli ilifika mwaka 1912, na hadi leo wasafiri wa Kigoma, Mwanza na Mpanda hupitia hapa.

Kusafiri kutafuta riziki si kosa. Hatari ni mgonjwa wa kifua kikuu kuondoka katikati ya matibabu, bila dawa wala kadi, eti kwa sababu kikohozi kimekata.

Tuangalie hali ya vijidudu vyenyewe. Mwili huvizingira ndani ya mapafu na kuvipunguzia oksijeni. Katika dhiki hiyo, protini zao mbili, DosS na DosT, hutambua upungufu na kupeleka habari kwa protini ya tatu, DosR. Hii hushika vinasaba na kufanya jeni zipatazo 50 zinakiliwe kwa wingi ili zianze kazi. Hapo kijidudu huacha kuzaana, hutulia na kungoja. Hakijafa, kimelala.

Dawa ya isoniazidi huzuia kijidudu kujenga ukuta wake, lakini kilicholala hakijengi. Rifampisini huziba mashine yenyewe inayonakili jeni, hivyo hukipata hata kile kinachoanza kuamka. Ndiyo maana matibabu ya kawaida ya mtu mzima ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha hizo mbili kwa miezi 4. Nafuu huja mapema, ilhali vilivyolala bado vimo. Anayeacha dawa huvipa nafasi ya kuamka. Anayemeza leo na kuruka kesho huvipa vile sugu nafasi ya kuzaana, akaja kuwaambukiza abiria wenzake.

Wapo wanaomlaumu mgonjwa peke yake. Kwa maoni yetu hiyo si haki. Mwenye shamba la tumbaku amruhusu kibarua wake siku ya kliniki. Familia imkumbushe. Naye mgonjwa, kabla ya kukata tiketi, aombe barua ya uhamisho kwenda kituo cha huko aendako. Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali. Ikiingia Ramadhani, amuulize daktari kwanza, asijipunguzie dozi mwenyewe.

Na wewe msomaji, kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kapime.