Futi tatu za mzee, mita 0.9144 zangu

Jamani, kikokotoo kinatuumbua waandishi. Mzee mmoja alinisimulia mafuriko: maji yalifika "kama futi tatu hivi", akanionyesha kiunoni. Mimi na usomi wangu nikazidisha kwa 0.3048, nikaandika mita 0.9144. Mhariri akaipitisha!

Tarakimu ile ya mwisho ni sehemu ya kumi ya milimita, karibu unene wa unywele. Mzee wa watu kakadiria kwa kiuno, mimi nikamgeuza maabara. Na fizikia ya sekondari nilifundishwa: jibu haliwi sahihi kuliko kipimo lilikotoka. Lakini desimali zinanoga gazetini, na msomaji anaziamini. Kwangu huo ni uongo.

Gazeti halikusahihisha. Nasahihisha hapa: ilikuwa karibu mita moja.